Mpiga fidla wa taarab, miaka 16, anataka okestra ya klasiki: bado anawahi?

MkasiWaWete

Assalaam aleikum. Nauliza kwa niaba ya mtoto wa dada yangu. Ana miaka 16, yuko Wete, kidato cha tatu. Fidla anapiga tangu ana miaka 9, taarab tu, kwa kusikiliza na kuwaiga wakubwa. Noti anazisoma, lakini kwa kuhesabu mistari na kidole. Sasa ameshikilia kwamba anataka klasiki: awe yule anayesimama mbele na okestra nzima iko nyuma yake. Hataki kusikia jengine.

Sitaki kumvunja moyo wala sitaki kumdanganya. Je, umri umeshampita? Aliyoyajua kwenye taarab yatamfaa au itabidi ayasahau? Vyuo vya nje vinataka kusikia nini hasa? Na hiyo fidla yake ya Kichina, uzi mwembamba unaota kutu na vigingi kila masika vinagoma kuzunguka. Tukinunua nyengine itastahamili hewa ya Pemba?

Maqam_na_Noti

Wa aleikum salaam Bi Mkasi. Nianze na umri, maana ndio uliokutia hofu.

Wanaosimama mbele ya okestra wengi wao walishika fidla wakiwa na miaka 4 hadi 7, na kufika 16 walikuwa wanapiga koncheto (vipande vya mpigaji mmoja mbele ya okestra) za Bruch na Mendelssohn kwa kichwa. Mlango huo ni mwembamba hata kwao. Lakini okestra kubwa ina wapiga fidla 30 hivi, mara nyingi 16 wa fidla ya kwanza na 14 wa fidla ya pili, na hao nao ni wapiga fidla wa klasiki, wana mshahara na likizo. Kijana alenge hapo. Vyuo huchukua zaidi wa miaka 18 hadi 22, kwa hiyo ana miaka miwili mitatu ya kujitayarisha. Inatosha kwa anayejua la kufanya asubuhi akiamka, haimtoshi anayepapasa.

Taarab imeshampa sikio, kumbukumbu na mazoea ya kupiga mbele za watu. Hivyo hanunui tena. Ila kuna mambo mkono umeyazoea ambayo klasiki haitayakubali.

Muulize kwanza fidla yake anaifunga vipi. Wanaofuata mtindo wa Kimisri hufunga sol-re-sol-re, kutoka uzi mnene. Klasiki ni sol-re-la-mi, yaani nyuzi mbili nyembamba kila moja ipande toni nzima. Kama ndivyo alivyokuwa akifunga, basi vidole kwenye nyuzi hizo mbili vitakuwa vinaanza ramani mpya, na wiki tatu za mwanzo atajiona amerudi darasa la kwanza. Asikate tamaa hapo.

Pili ni kidole cha kwanza. Mwenye kupiga Bayati ya re (Bayati ni mojawapo ya maqam, mipangilio ya noti ya Kiarabu) huweka mi iliyo nusu ya bemoli, robo toni chini ya mi ya kawaida. Kwenye uzi wenye urefu wa milimita 328, mi kamili juu ya uzi wa re iko kama milimita 36 kutoka kichwani mwa ubao, na mi ya Bayati iko kama 27. Ni tofauti ya milimita 9, unene wa kidole kasoro kidogo. Mkono uliolelewa na Bayati ukichoka hurudi nyuma wenyewe bila mwenyewe kujua, na msikilizaji wa klasiki hatasema "anapiga robo toni", atasema "hayuko kwenye sauti".

Dawa yake ni mlio wa nyuzi zilizo wazi. Apige sol kwa kidole cha tatu kwenye uzi wa re huku akiutazama uzi mtupu wa sol: kidole kikikaa sawasawa, uzi ule mtupu utatetemeka bila kuguswa. Vivyo hivyo re kwenye uzi wa la, na la kwenye uzi wa mi. Noti hizo ndizo nguzo zake, nyengine zote azipime kutoka hapo. Dakika 20 kila siku, polepole, bila vibrato (kule kutikisa kidole ili sauti ipepee). Vibrato huficha kosa, na ukifanya mazoezi nayo unajifunza kuficha.

Halafu uta. Katika taarab kila mmoja hupamba wimbo kwa njia yake, huyu anatelezesha, yule anaongeza noti, na uzuri wake uko humo. Okestrani nyuta 16 hupanda pamoja na kushuka pamoja, na mwelekeo huandikwa kwa penseli na kiongozi wa fidla. Anayepanda wakati wenzake wanashuka huonekana kutoka kiti cha nyuma kabisa cha ukumbi. Aanze na uta mrefu: metronomu (chombo cha kuhesabu mapigo) kwenye 60 kwa dakika, uta mmoja mapigo 8, kisha 12, kisha 16, sauti isinenepe wala isikonde njiani. Uta upite katikati ya daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi) na mwisho wa ubao wa vidole, sambamba na daraja. Ajitazame kwenye kioo, kwa sababu bega hudanganya.

Kusoma: dakika 15 kila siku, kipande kipya, chepesi kuliko uwezo wake, bila kusimama hata akikosea. Anayesimama kusahihisha anafanya zoezi jengine kabisa.

Mazoezi ya ufundi yafuate mpangilio unaojulikana: Kayser opus 20, Mazas opus 36, kisha zile 42 za Kreutzer. Akizimaliza Kreutzer vizuri ndipo aguse kapriisi 24 za Rode. Paganini angoje. Skeli ziwe za oktava tatu, sol na la kwanza. Upande wa vipande: Bach ya la ndogo (BWV 1041), halafu Mozart nambari 3 ya sol (K. 216), halafu Bruch ya kwanza. Noti zote hizi ziko huru IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni, hana haja ya kununua kitabu.

Wala asiiache taarab. Aitenge tu: klasiki asubuhi kichwa kikiwa kizima, taarab jioni.

FundiUta

Mimi nazungumzia mbao na gundi, ya vidole nimemwachia mwenzangu.

Kabla hamjanunua nyengine, pimeni hiyo mliyonayo. Fidla nyingi za bei ndogo haziko mbovu, zimefungwa vibaya. Chukua rula ya chuma, simama mwisho wa ubao wa vidole, pima nafasi kati ya ubao na nyuzi: uzi wa sol uwe milimita 5 hadi 5.5, uzi wa mi 3 hadi 3.5. Ikiwa sol iko 7 au 8, kijana anabonyeza kwa nguvu zisizo na faida na mkono utaumia. Daraja likatwe juu, si chini, na fundi anayejua. Uzi unaotetemeka uwe kati ya 325 na 328. Ndani, nguzo ndogo ya mbao isimame nyuma ya mguu wa daraja upande wa uzi wa mi, milimita 2 hadi 4 hivi. Nguzo hiyo haina gundi, inashikwa na mbano wa nyuzi tu, kwa hiyo nyuzi zibadilishwe mmoja mmoja. Ukizilegeza zote nne kwa pamoja inaanguka, na kuisimamisha tena kunataka chombo maalumu na subira ya mvuvi.

Vigingi. Masika unyevu huingia, mbao inavimba, kigingi kinakaza. Usikilazimishe kwa koleo. Kivute nje, kipanguse kwa kitambaa kikavu, kisugue sabuni kavu ya kipande palipo na alama za kung'aa, juu yake chaki kidogo. Sabuni inaterezesha, chaki inashika; kikikaza ongeza sabuni, kikiteleza ongeza chaki. Na nakuomba, yakhe, mafuta ya nazi yasikaribie hapo! Yanazama kwenye mbao na kigingi hakishiki tena mpaka tundu litengenezwe upya.

Kutu ya uzi wa mi ni ya kawaida kwetu: ni chuma kitupu, jasho lina chumvi, na hewa ya pwani ina chumvi. Apanguse nyuzi kila akimaliza, kwa kitambaa cha pamba ambacho hakitumiki kupangusia kingine. Anunue mi iliyopakwa dhahabu au ya chuma kisichoshika kutu. Nyuzi tatu nyengine ziwe za kiini cha plastiki, kama Dominant za Thomastik-Infeld ambazo zipo tangu 1970. Za utumbo azisahau, kwa unyevu wetu zitamfanya afunge sauti kila baada ya wimbo. Akipiga saa tatu kwa siku, zibadilishwe kila miezi 4 hadi 6 hata kama hazijakatika, maana sauti hufa kabla uzi haujafa. Kila akibadilisha, apake risasi ya penseli kwenye mifereji ya daraja na ya kichwani, uzi uteleze badala ya kusaga.

Na mkipandisha zile nyuzi mbili kutoka ufungaji wa Kimisri kama alivyosema Maqam, tazameni daraja. Kila kigingi kikizungushwa, kichwa cha daraja huvutwa kuelekea vigingini. Uso wake wa nyuma, unaotazama kishika nyuzi, usimame wima juu ya mbao. Likiinama lishike kwa vidole viwili kila upande na ulirudishe. Likiachwa hivyo wiki mbili linapinda, na lililopinda ni la kutupa.

Uta: singa za mkia wa farasi hurefuka kwenye unyevu, ndio maana masika skurubu inazungushwa mara nyingi zaidi. Ukikaza, nafasi kati ya singa na mti pale katikati iwe kama unene wa penseli. Ukimaliza, legeza. Anayelaza uta umekazwa, mti unapoteza upindo wake, na mti ukishanyooka huwezi kuurudisha kwa sala. Uta ukiachwa kashani miezi bila kupigwa, singa hukatika ovyo karibu na ncha: hao ni viwavi wa wadudu wanaokula singa, wanapenda giza na utulivu. Safisha kasha, liache wazi kivulini (si juani, gundi italainika), na uta upigwe.

Ndani ya kasha weka kipima unyevu kidogo na chembe za silika za rangi ya chungwa. Zikigeuka kijani zimeshiba. Zikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja mbili, kwenye chombo usichokipikia tena. Fidla inapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 60. Pemba tunapita hapo karibu mwaka mzima, na kwa kweli unyevu wa juu unavimbisha na kulegeza gundi lakini mara chache unaua. Kinachoua ni kinyume chake. Fidla iliyozoea Wete ikipelekwa Ujerumani Januari, chumba kina mashine ya joto na unyevu umeshuka mpaka 25: mbao inasinyaa, vigingi vinaachia vyote usiku mmoja, na kifua kinaweza kupasuka. Huko kasha litataka kiongeza unyevu, si kikausha. Watu wengi wanalijua nusu tu ya hili.

MkasiWaWete

Allah awalipe. Nimepima na rula: sol iko milimita 7, mi iko 5! Maskini mtoto alikuwa anabonyeza waya wa uzio. Na kweli anafunga sol-re-sol-re.

Hebu sasa nifahamisheni upande wa vyuo. Mwalimu wa klasiki Wete hatuna. Akifundishwa kwa video inafaa? Na hizo rekodi za maombi zinarekodiwa vipi?

Nyuma_ya_Pazia

Inafaa kwa nusu ya kazi, ukijua isipofaa. Kwenye simu ya video huwezi kupiga pamoja na mwalimu kwa sababu sauti inachelewa. Pia programu nyingi za mikutano zimetengenezwa kwa ajili ya maneno: noti ndefu ya fidla zinaiona kelele na kuizima. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuacha sauti asilia isichujwe, aiwashe kabla ya somo. Simu iwekwe upande wa kulia wake, mbali kama mita 2, uta mzima na mkono wa kushoto vionekane. Njia nzuri zaidi ni kumtumia mwalimu rekodi siku mbili kabla, somo litumike kuijadili.

Ana kwa ana, chuo cha Dhow Countries Music Academy kilichoanza 2002 Mji Mkongwe kimekuwa kikifundisha muziki wa kwetu na wa Kizungu. Kuvuka kwa boti likizo za skuli akae wiki mbili na mwalimu ni bora kuliko kuvuka kila mwezi kwa siku moja, kwa sababu mkao wa mkono haurekebishwi kwa saa moja. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, ya tangu 1944.

Mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, ina greda 1 hadi 8. Tangu 2020 kuna aina inayofanywa kwa rekodi: vipande vinne mfululizo bila kukata, kutoka popote ulipo. Kwa greda 6 kwenda juu kwa kawaida hutakiwa kwanza upasi nadharia greda 5, nayo hufanywa kwa mtandao. Vyuo vikubwa havidai cheti hicho na greda 8 kwao ni kizingiti cha mlango, si sebule. Faida yake kwa aliye Wete ni kupata kipimo cha nje kisichomwonea haya mtu.

Sasa vyuo vyenyewe. Uingereza maombi hupitia UCAS Conservatoires, mwisho huwa mwanzoni mwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza. Wengi hulikosa hilo kwa kudhani ni kama chuo kikuu cha kawaida. Juilliard ya New York hufunga 1 Desemba na hutaka video za mchujo kwanza. Curtis ya Philadelphia, iliyoanzishwa 1924, haitozi ada mwanafunzi yeyote tangu 1928, na kwa sababu hiyo nafasi zake hugombewa na dunia nzima. Ujerumani vyuo vya muziki vya serikali kwa sehemu kubwa havina ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ada isiwadanganye lakini. Viza ya mwanafunzi Ujerumani hudai kuonyesha pesa za kujikimu, kiwango kilichowekwa 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, zikiwa kwenye akaunti iliyofungwa. Vyuo vingi hutaka pia cheti cha Kijerumani B1 au B2, na lugha haisomwi kwa miezi miwili. Aanze sasa, hata nusu saa kwa siku.

Wanachotaka kusikia kwa kawaida ni zoezi moja la ufundi la kiwango cha Kreutzer au Rode, sehemu mbili zinazopingana kasi kutoka Bach ya fidla peke yake (BWV 1001 hadi 1006), na sehemu ya kwanza ya koncheto. Juu yake kuna mtihani wa sikio na nadharia: kutaja umbali kati ya noti mbili, kuandika wimbo unaopigwa kwenye kinanda, kutambua kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Hapo mtoto wa taarab hushangaza watu akisikia, kisha huanguka kwa kutojua jina la alichokisikia. Umbali kati ya noti mbili si maqam, una jina la Kizungu la kukariri. Wiki sita zinatosha.

Bach ndiye anayewaumbua watu. Koncheto ina piano au okestra ya kukufunika, Bach yuko uchi. Wanasikiliza dakika mbili za mwanzo na wanajua karibu yote: sauti ya noti, mapigo, na kama uta una kitu cha kusema. Ndiyo maana kipande chepesi kilichopigwa safi hushinda kigumu kinachoyumba. Kijana akipelekewa shauri la kupiga Tchaikovsky "ili waone anaweza", alikatae.

Kurekodi: kipande kizima bila kukata, uso na mikono yote miwili ionekane, kipaza sauti cha nje hata cha bei ndogo ni bora kuliko cha simu. Zima feni, zima friji ya chumba cha pili. Nyumba za mawe zenye dari refu hurudisha mwangwi mwingi, tundika mashuka mazito au tandika mikeka ukutani nyuma yake. Pangeni wakati baina ya adhana mbili, na muwe na saa moja na nusu, si dakika 40. Msikiti wa jirani hautangoji umalize kadenza. Piano za kwetu unyevu huzitoa kwenye sauti, na fidla ikifungwa kuifuata piano iliyopotea sauti, jopo litasikia. Chuo kikiruhusu rekodi bila piano, mrekodi bila piano. Afunge la ya 440 (mitetemo kwa sekunde). Akishafika Ujerumani atakuta 442 au 443.

Kiti_cha_Pili

Nyote mmesema vyema, ila hakuna aliyegusa saa za mazoezi wala kazi yenyewe baada ya chuo, na hayo nayo kijana ayajue mapema.

Saa kwanza. Mtoto mwenye hamu akisoma haya atafunga mlango apige saa saba. Baada ya mwezi, mkono wa kushoto utaanza kuwaka karibu na kiwiko na shingo haitageuka. Saa nne za makini kwa siku ni nyingi kwa umri wake, na aongeze dakika 15 kwa wiki, asiruke. Vipande vya dakika 45 hadi 50, kisha dakika 10 fidla iwe chini kabisa. Ganzi ya kidole cha mwisho, au maumivu yanayobaki asubuhi ya pili, ni ishara ya kusimama siku mbili na kutazama mkao. Mara nyingi chanzo ni kiegemeo cha kidevu kisicho na kimo chake, hivyo bega linapanda kuikamata fidla. Kichwa kiikalie fidla, kisiibane.

Usaili wa okestra ndio huu. Nafasi moja ikitangazwa, wanaoitwa wanaweza kuwa makumi kadhaa. Marekani raundi za mwanzo hupigwa nyuma ya pazia, desturi iliyoenea miaka ya 1970, na chini hutandikwa zulia ili viatu visimtambulishe mwanamke au mwanamume. Karibu kila mahali utaombwa kurasa za mwanzo za Mozart nambari 4 au 5, halafu koncheto ya karne ya 19, halafu vipande vya okestra: ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Strauss (1889), skerzo (sehemu ya kasi) ya simfonia ya pili ya Schumann, skerzo ya Mendelssohn yenye uta wa kuruka, sehemu za simfonia 39 ya Mozart. Vyote dakika kumi hivi. Kinachowaangusha wengi si noti ngumu, ni mapigo. Don Juan watu huikimbilia kwenye mistari ya kwanza, na jopo huwa wanahesabu kimoyomoyo. Schumann uta hulegea baada ya ukurasa mmoja kwa sababu mkono umekaza tangu mwanzo. Mozart 39 inadai usafi tu, na usafi ndio mgumu.

Akishinda, hajaajiriwa bado. Ujerumani huwa na mwaka wa majaribio, kisha wanamuziki wenzake wanapiga kura. Wanaangalia mambo madogo: anakuja na penseli? Anageuza ukurasa kwa wakati? (Wanaokaa wawili kwenye kinara kimoja, aliye ndani, mbali na watazamaji, ndiye anayegeuza.) Anapiga chini ya sauti ya kiongozi au anajitokeza? Hapa taarab inamsaidia tena, maana aliyekaa kwenye safu ya fidla za Culture Musical Club au Ikhwani Safaa anajua kusikiliza upande kabla ya kujisikiliza mwenyewe.

Wiki ya kawaida ni mazoezi ya saa mbili na nusu hadi tatu, pengine mara mbili kwa siku, siku tatu au nne, kisha onyesho, kisha programu mpya. Hakuna anayekufundisha noti zako pale, unakuja unazo. Wasio na ajira ya kudumu huchanganya: kuitwa badala ya mgonjwa, kufundisha watoto, kwateti ya harusi, kurekodi. Si fedheha, ndiyo hali ya wengi wenye shahada.

Naona pia mmetazama Ulaya tu. Kairo kuna konsavatori na okestra ya simfonia, zote za 1959, na pale atapata klasiki na fidla ya Kiarabu mji mmoja. Afrika Kusini kuna okestra za kulipwa Cape Town na Durban, na chuo cha muziki cha Chuo Kikuu cha Cape Town. Kinshasa iko Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya 1994. London iko Chineke!, ilianzishwa 2015 na Chi-chi Nwanoku mpiga besi, kwa ajili ya wanamuziki weusi na wa makabila mbalimbali. Kwa aliye Pemba ningeanza kuuliza Kairo.

MkasiWaWete

Kairo haikuwahi kunijia akilini, na babu yake alisoma huko dini! Nimempa asome yote. Amenuna kwa ile habari ya Tchaikovsky, lakini ameshaandika ratiba ukutani.

Swali la mwisho kwa FundiUta: kuna mzee anataka kumpa uta wa zamani, anasema ncha yake ni ya pembe ya ndovu. Akisafiri nao?

FundiUta

Asiusafirishe. Ncha ya pembe ya ndovu bila hati za CITES (mkataba wa mataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) inaweza kuzuiwa mpakani, na Marekani ndio wakali zaidi. Akiupenda mti wenyewe, fundi aing'oe ncha aweke ya mfupa au ya plastiki ngumu na atoe risiti yenye picha. Mti wa pernambuko uko kwenye orodha ya pili ya CITES tangu 2007, kwa hiyo ajue uta ni wa mti gani na awe na karatasi ya ununuzi au ya zawadi iliyosainiwa. Mpingo usimtie wasiwasi, huo kwa kawaida huenda kwenye klarineti na oboi. Ubao wa vidole wa fidla ni wa mti mwengine mweusi unaofanana nao.

Kwenye ndege fidla iingie naye ndani, isiende na mizigo. Ashushe nyuzi kiasi cha nusu toni, asizilegeze zote, aweke kitambaa laini kati ya kishika nyuzi na kifua cha fidla, na uta uwe umelegezwa. Na lile daraja la milimita 7 lishughulikiwe wiki hii, kabla hajaanza zile skeli.